Dawa Ikae Ndani ya Pakiti Yake

Mwanangu Ekiru,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mama yako. Najua leo tumeamka nyumba moja na tumekunywa chai ya sufuria moja, lakini barua hii utaisoma basi likiwa linapanda kwenda Subuiga, njia ya Nairobi, na huko tayari ni mbali, kwa hivyo wacha nikusalimie kama mtu aliye mbali. Nyanya yako anakusalimia. Amesema nikuandikie kwamba mguu unamuuma lakini roho haimuumi, na kwamba ngamia wa Waarabu wakikukataa uwapigie mluzi kama wa kwetu, watasikia tu. Dada yako Akai anakusalimia, anasema kitanda chako ni chake kuanzia kesho na usijaribu kukidai. Mtoto wa Akai bado hajui kusalimia lakini amelamba kiatu chako kipya, hiyo chukua kama salamu. Mama Halima jirani anasema salaam aleikum, na anasema pia kwamba ulipita mlango wake mara mbili bila kumuaga vizuri, ati umekuwa mkubwa. Mbuzi wako salama, yule mweupe anakaribia kuzaa. Mjomba wako Lokaale sikuandikii salamu zake, kwa sababu ukisoma hapa ameketi kando yako, anajifanya kuangalia nje ya dirisha. Mwache aangalie kwanza. Nitafika kwake.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mwandiko wangu unaujua. Shule niliacha darasa la tatu, na herufi zangu bado zinatembea kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi, kila mmoja na njia yake. Nivumilie. Ningekuambia kwa mdomo lakini unaona vile nyumba imejaa wageni wa kukuaga, na mabati ya kwetu hapa Chechelesi hayajui kuweka siri. Mtu akikohoa jikoni, aliye sebuleni anamwambia pole.

Sitakuandikia habari ya kufua soksi, wala ya kula ushibe, wala ya kuomba kabla ya kulala. Hayo tumesema mpaka ukaniambia, “Mama, mimi si wa jana.” Nataka kukuandikia habari ya ile chupa.

Juzi nilikuwa nakunja nguo zako za safari, nikasikia kitu kinalia ndani ya soksi, chaka chaka. Nikatoa. Ni chupa ya vitamini, ile nyeupe ya plastiki yenye picha ya chungwa. Nikafungua kifuniko nikaona si vitamini. Ni dawa yako ya kifafa, tembe zote umezimimina humo.

Nimeandika hilo neno, kifafa. Ni mara yangu ya kwanza kuliandika, na nimeangalia mlango kwanza.

Sikushangaa, mwanangu. Ningeshangaa vipi, na hiyo kazi nilikufundisha mimi? Ulikuwa darasa la nne ulipoanguka mara ya kwanza, pale soko la mifugo. Baba yako alikuwa bado hai, anabishana na mnunuzi juu ya beberu. Mimi nilikuwa nyuma yenu. Nikaona watu wanarudi nyuma wote pamoja, kama wameona nyoka, na katikati nikakuona wewe chini, unatetemeka, povu mdomoni. Mzee mmoja akapaza sauti, “Msimguse! Mate yake msikanyage!” Na mimi mama yako, Ekiru, mimi niliyekuzaa, miguu yangu ilikataa. Ni Mama Halima aliyepita katikati ya wanaume wale, akavua shuka yake ya mabegani akakuwekea chini ya kichwa, akawageukia: “Nyinyi! Ng'ombe dume mnamshika pua, mtoto mdogo mnamkimbia?”

Habari ilifika shuleni kabla yetu. Wakakupa dawati la peke yako na kikombe cha peke yako. Ulikuja nyumbani ukaniuliza kama unanuka. Siku hospitali walipotupa dawa, zile tembe nyeupe ndogo ndani ya bahasha ya karatasi iliyochorwa kalamu, nikaapa kwamba hakuna mtu ataziona tena. Kwa watu tukasema uliangushwa na jua kali, hata mjomba wako tulimwambia ni jua, na dawa nikaimimina ndani ya chupa ya vitamini. “Ukiulizwa, sema ni ya macho.” Na ulisema vizuri! Ulisema vizuri mpaka mwalimu wako akanisimamisha kanisani, ati niko nanunua wapi, yeye pia macho yanamsumbua. Tulicheka mimi na wewe njia nzima, ukashika tumbo. Nilifikiri nimekupa mahali pa kujificha. Sikujua kwamba mtu akikaa ndani ya kitu miaka mingi, hata mlango wa kutokea anausahau.

Wacha nikuambie jambo ambalo hata baba yako sikumwambia lote. Kabla hujazaliwa nilikuwa nafanya biashara ya kwenda Moyale, naleta shuka na sandali na sahani. Safari moja mjomba wako, huyo hapo kando yako, alinituma dawa ya unga ya kuua kupe. Mkebe wake ulikuwa umebonyea, kifuniko hakishiki, unga unamwagika kwa shuka zangu. Nikaona mimi ni mjanja. Nikaumimina ndani ya mfuko wa sukari, nikafunga fundo, mkebe nikautupa njiani. Hatujafika mbali, kizuizi. Polisi wakapanda, wakafungua mzigo wangu, mmoja akauinua ule mfuko juu, juani.

“Mama, hii ni nini?”

Aliniuliza kwa upole kabisa. Ningesema ni dawa ya mbuzi, maneno yangeishia hapo. Lakini nilipoona mfuko uko vile, hauna jina, hauna mkebe, nikaona hata mimi singejiamini. Mdomo ukasema wenyewe, “Sukari.”

“Sukari?” Akanusa. “Haya, onja.”

Watu kwa gari wakaanza kucheka. “Onja mama, twende!” Mwingine nyuma akasema, “Akimaliza kuonja atupikie chai!” Nikaangalia ule unga. Unaua kupe, sijui unafanya nini kwa mtu. Nikiuonja ni kufa, nisipouonja ni kukubali kwamba nimedanganya. Nilisimama hapo na kidole juu hewani kama mtoto anaomba ruhusa ya kwenda choo. Mwisho nikalia, nikasema ukweli, lakini tayari hakuna aliyeutaka. Baada ya sukari, yule askari hakuamini hata jina langu. Walinilaza ndani mpaka mtu wa mifugo akaitwa, akaja akanusa mara moja tu: “Hii ni ya kupe.” Wakanifungulia. Kubeba dawa ya kupe si kosa. Kosa nilijipikia mimi mwenyewe.

Na yule alikuwa askari wa kwetu, anajua Kiswahili, anajua mbuzi ni nini. Wewe unaenda mahali watafungua begi lako watu ambao hata pole yao huijui.

Ndiyo sababu jana asubuhi niliposema naenda kutafuta mboga, sikuenda mboga. Nilifunga ile chupa kwa leso nikaenda hospitali, kwa yule daktari kijana anayekuhudumia. Nilimwambia unasafiri kwenda Uarabuni kuchunga ngamia wa mbio. Alifurahi kwanza. Kisha akamimina tembe mkononi, akaacha kufurahi.

“Mama, hii dawa hata sisi tunaifungia kabatini na kufuli. Nchi nyingine wanaiweka pamoja na zile dawa ambazo watu wanatumia vibaya kulewa. Huko anakoenda, inaombewa ruhusa kabla. Jibu likirudi, ndipo apande ndege.”

“Na akienda bila?”

“Wanaweza kumnyang'anya. Wanaweza kumfungia wamuulize maswali. Na hivi, ndani ya chupa ya vitamini? Mama, hii inaonekana ni mtu anaficha.”

“Basi aiache hapa, atapata nyingine huko.”

“Hii haiachwi ghafla. Akiikosa hata siku chache, kifafa kinaweza kurudi kimoja juu ya kingine, bila kumpa nafasi ya kupumua.”

“Basi mbadilishie leo, umpe ile isiyo na maneno.”

“Kubadilisha ni pole pole, Mama, na akiwa karibu, tukimwangalia.”

Nilijaribu kila mlango pale kwa meza yake, na kila mlango aliufunga kwa heshima. Hata nilimuuliza kama wanaweza kukosa kuona. Akavuta karatasi. Kisha akaandika barua, akaandika jina lako kama lilivyo kwa pasipoti, jina la ugonjwa, jina la dawa na vile unavyomeza, akapiga muhuri. Akanituma kwa duka la dawa nichukue zile za kwenye pakiti iliyofungwa, zenye jina la dawa juu. Akasema wakala aliyekutafutia kazi ndiye anayejua njia ya kuomba hiyo ruhusa. Wakala! Mtu wa mwisho tuliyetaka ajue.

Jioni nikakufuata kwa zizi. Unakumbuka, ulikuwa unamshika yule mbuzi mweupe tumbo.

“Ekiru, mwambie wakala.”

“Nikimwambia, Mama, jina langu linatoka. Kuna vijana laini nzima nyuma yangu, wanangoja tu nijikwae.”

“Si walikupima?”

“Walipima damu, wakapiga picha ya kifua. Kichwa hakuna aliyeuliza, na mimi sikujibu swali ambalo sikuulizwa.”

“Na wakikushika huko?”

“Nikibaki je? Niambie. Nipakie miraa kwa gari za watu mpaka nizeeke? Na hata hiyo, siku nikianguka juu ya gunia, watasema wasiniguse.” Ukaacha mbuzi, ukafuta mikono kwa suruali, ukacheka kidogo. “Vitamini, Mama. Ni ya macho.”

Ulisema kwa sauti ile ile ya darasa la nne.  Ukaingia ndani kwa wageni, nikasikia wanakushangilia, ati mwenyeji wa Uarabuni amefika. Nikabaki na mbuzi. Nilikuwa nakuona vizuri mahali ulipo, mwanangu, na kokote ulikogeuka kulikuwa na miiba. Ukisema unabaki. Ukinyamaza unaenda na kitu ambacho kinaweza kukufunga. Ukikiacha unaanguka, na safari hii unaanguka katikati ya ngamia wanaokimbia, kwa watu ambao watarudi nyuma kama wale wa sokoni, na hakuna Mama Halima. Nilitafuta upande mmoja tu ambao hauna miiba. Nilitafuta mpaka mbuzi wakalala.

Sasa ndiyo nafika kwa mjomba wako.

Mchana wa leo, ulipoenda kwa kinyozi, nilimwita nyuma ya nyumba pale tunapoanika nguo. Alikuja anatafuna, anafikiri nataka kumpa kazi ya kuchinja.

Nikamwambia, “Lokaale, Ekiru ana kifafa.”

“Kifafa gani?”

“Viko vingapi? Kile cha kuanguka.”

Akaacha kutafuna. “Tangu lini?”

“Tangu soko la mifugo.”

“Si mlisema ni jua?”

“Tulisema.”

Akavua kofia, akaiangalia ndani kama kuna mtu amejificha humo. “Dada, mimi nimeapa kwa wale watu wa wakala. Nimewaambia huyu kijana ni chuma. Wewe unajua ngamia wa mbio anakimbia namna gani?” Kisha ikamuuma ile nyingine. “Miaka yote hii nalala kwako, nakula kwako, mnanificha kama mimi ni askari wa kodi?”

“Ulikuwa sokoni siku ile, Lokaale. Wewe pia ulirudi nyuma.”

 Alisimama katikati ya shuka zinazopepea, mwanaume mzima, akavaa kofia, akaivua tena. Kisha akatoa simu akampigia wakala, akaweka sauti ya kusikika na mimi. Wakala alipiga kelele kwanza: “Mbona mnaniambia leo? Mlikuwa wapi?” Halafu akapoa. Akasema ruhusa ya dawa inaombwa, amewahi kuombea watu wa sukari na watu wa presha, lakini hii ya kwako lazima mwajiri ajue. Mwajiri anaweza kukubali. Anaweza kukutoa kwa ngamia wa mbio akuweke kwa kazi ya kulisha na kukamua. Anaweza kuchukua mtu mwingine. “Aje Nairobi na hizo karatasi. Lakini ndege ya keshokutwa aisahau kwanza.”

Ndivyo ilivyo, Ekiru. Basi unalosafiria sasa linakupeleka Nairobi, halikupeleki kwa ndege. Mjomba ana nakala ya barua ya daktari na anajua kila kitu. Nilimwomba asifungue mdomo mpaka akuone umekunja karatasi hizi. Alisema, “Kijana atanichukia.” Nikamwambia atanichukia mimi kwanza, yeye apange laini.

Siri ilikuwa yako na nimeitoa bila kukuuliza. Ningeweza kukungoja urudi kwa kinyozi nikuambie nafanya hivi, lakini ungeniomba nisifanye, na mimi najijua, ningekubali. Nimekuwa nikikukubalia kila kitu tangu siku ile miguu yangu ilipokataa. Sijui kama nimefanya vizuri. Nikigeuka upande huu naona nimekutoa shimoni. Nikigeuka upande ule naona ni mimi nimefunika shimo nikiwa nimekuacha ndani. Wakimchukua kijana mwingine, utarudi hapa Chechelesi, utalala kwa kitanda cha Akai, utapakia miraa, na kila siku nikikuletea chai utaniangalia ukijua ni mimi. Nimelifikiria hilo. Nimelifikiria hata macho yako yatakavyokuwa. Na bado nilimwita mjomba.

Ile chupa nimeitupa chooni, usiitafute. Ndani ya begi dogo la mkononi, si lile kubwa, utakuta pakiti za dawa hazijafunguliwa, na barua ya daktari imefungwa pamoja nazo kwa raba. Zilizo wazi, zile zilizokuwa kwa chupa, ni za kumeza njiani hivi sasa, ziko kwa bahasha ya hospitali. Meza saa zile zile. Siku ikifika ya kusimama mbele ya wale watu wa mabegi, kama itafika, wakiuliza umebeba nini, utaje kwa jina lililoandikwa juu ya pakiti. Ukikosa neno lao, toa barua, simama, ngoja. Wacha waisome polepole wanavyotaka.

Najua pia wewe ni mtu mzima. Nairobi kuna maduka ya vitamini na kuna mawakala wengine. Mjomba wako akilala huwa kama gogo, ukitaka kumtoroka utamtoroka kabla ya chai. Siwezi kukufunga kamba nikiwa Isiolo. Nimeandika karatasi hizi zote na bado siwezi.

Kwa hivyo ninakuomba kitu kimoja tu. Kuna jambo sijui kama unalijua juu yako, kwa sababu wakati huo wewe huwa hupo. Kabla hujaanguka, huwa unanyamaza. Unakata neno katikati, unaangalia kitu ambacho sisi hatukioni, na ninajua zimebaki pumzi chache tu nikufikie. Nimeishi na masikio yangu kwako tangu ukiwa mdogo. Ukiwa chumba kingine ukiimba, ninapika. Ukinyamaza, ninaacha sufuria.

Sasa utakuwa mbali ambapo siwezi kukimbia nikafika. Usininyamazie. Ukishakunja karatasi hii, chukua simu utume neno kwa Akai, hapo hapo barabarani, usingoje kufika. Sema umenikasirikia. Sema sina haki, sema hutaki kuniona, mpigie mjomba kelele mbele ya abiria wote kama inakusaidia, na mimi Akai anisomee yote bila kuruka. Hasira nitaijua ni wewe, uko macho, unapumua. Tuma haraka, mwanangu. Nimekaa na simu yake mapajani.

Ni mimi mama yako.